Heri Niitwe Mchawi

Kwa aliyefungiwa maandazi na gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, nitarudia kidogo.

Mimi ni Elia Mbonile, mtu wa Mbeya, mpima ardhi wa serikali hapa Sumbawanga. Nilivunjika mguu kwa pikipiki nikiwa kazini, nikapewa vidonge vya maumivu. Mguu ukapona, vidonge vikabaki. Vilipoadimika nikahamia kwenye unga, ule unaopita na malori ya njia ya Tunduma. Nilivuta unga nikiwa nimevaa tai. Nilisimamisha mashine ya kupimia kwenye viwanja vya watu nikiwa nimesinzia wima, ndiyo maana kuna mtaa una kona isiyo na sababu yoyote duniani. Siutaji, wakazi wake wanasoma gazeti hili.

Sasa sivuti. Kila asubuhi nakwenda kwenye dirisha la nyuma la kliniki moja, nakunywa methadoni. Ni dawa ya maji, unapewa kwenye kikombe kidogo, unaimeza mbele ya muuguzi. Hailewishi kama unga, inaunyamazisha mwili usiudai. Ukiikosa leo unavumilia. Ukiikosa na kesho, unaanza kumkumbuka kila muuza unga uliyewahi kumfahamu, na majina ya watoto wake.

Muuguzi wetu anaitwa Bertila. Ukishakunywa anakwambia, "Sema jina." Si kwamba amelisahau. Anataka mdomo ufunguke aone umemeza, maana wapo wanaobana dawa shavuni wakaiuze. Kwa hiyo kila siku mtumishi wa umma mwenye shahada anasimama dirishani kama mtoto wa chekechea na kutamka, "Elia Mbonile."

Pale tulikuwa na mwalimu, fundi umeme na dereva wa taasisi ambayo nayo siitaji. Halafu alikuwepo mmoja ambaye hatukuwahi kumwona uso. Alikuja na pikipiki, amevaa koti la mvua hata jua likiwaka, na helmeti nyeusi iliyofungwa utepe mwekundu kidevuni. Alinyanyua kioo kidogo tu kikombe kipite, akamnong'oneza Bertila jina lake, akashusha kioo. Mimi nilimwita Bwana Helmeti. Asubuhi moja alinipa mkono akaninong'oneza, "Wewe hukuniona, mimi sikukuona." Nikajibu, "Sawa mkuu." Ukuu wake sikuujua, lakini mtu anayeficha uso kiasi kile lazima awe na ofisi.

Na mimi nilikuwa na siri zangu. Siku ya kwanza kabisa nilimwapisha Bertila. Nikamwambia mtu yeyote akiniulizia, hata kwa simu, hata akisema yeye ni mke wangu, hata nikiwa mimi mwenyewe nampigia, anikane.

"Nitakukana mpaka ushangae," alisema.

Yule mama ni mkweli. Mtaona.

Sasa tuendelee, maana wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya makreti ya soda ndani ya fuso, nikishuka mlima kwenda msibani Milepa, dawa ya siku hiyo ikiwa tumboni na ya kesho ikiwa kwa Bertila. Lakini kabla hatujafika Milepa lazima mjue nilivyopata uchawi.

Sikuutafuta. Ulinifuata ofisini.

Mwezi wa saba Sumbawanga inakuwa baridi mpaka watu wanakunywa chai kwa ajili ya kushika kikombe. Methadoni inatoa jasho. Wenzangu wamejikunyata kwenye makoti, mimi nimefungua kifungo cha shati najifuta uso kwa leso. Wakaanza kuniangalia.

Halafu ni kuondoka alfajiri. Kila siku, Jumapili, Krismasi, siku ya uchaguzi, mimi nipo njiani kabla jogoo hajajiamini. Jirani akiniuliza naenda wapi, namwambia mazoezi. Huku kitambi kinakua, kwa sababu dawa ile inakutamanisha sukari na mimi sikuwahi kujinyima. Mtu anayefanya mazoezi kila siku na kunenepa kila siku, kwa akili ya mtaa wetu, anafanya mazoezi ya kitu kingine.

Siku moja nikiwa eneo la mradi, kiongozi mmoja wa mtaa alinisogelea kwa adabu ambayo sikuizoea.

"Mkuu, ile bikoni uliyopiga kwangu, haijasogezwa hata kidogo. Nimewaambia na watoto wasiipitie karibu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa miaka yote nimekuwa nikipanda bikoni, zile nguzo fupi za mipaka, mchana, wenye viwanja wanazing'oa na kuzisogezea kwa jirani. Sasa bikoni ya Mbonile haing'olewi. Kuku wangu aliyepotea alirudishwa, na akarudi na mwenzake. Bosi wangu Debora, ambaye alizoea kunifokea nikichelewa, sasa nikiingia anasema tu, "Pole na safari." Safari gani, hakuuliza, na mimi sikumweleza kwamba nimetoka dirishani.

Mtanilaumu kwamba sikukanusha. Nilikanusha mara moja, nikaona namna yule mtu alivyoogopa zaidi, nikaacha.

Na niwaambie ukweli ulivyo. Katika mji huu mchawi anasalimiwa. Mchawi anapewa kiti. Teja anafungiwa geti, anahesabiwa vijiko akitoka. Nilipima yote mawili, kazi yangu ni kupima, nikaona heri niitwe mchawi. Niliufurahia, sitaki kuwadanganya. Nilianza hata kuvaa koti jeusi.

Sikujua kwamba nyumbani kwangu mke wangu Marsiana naye alikuwa anasikia, na hafurahii.

Mzee Rafaeli, baba yake mdogo Marsiana, alifariki Milepa. Marsiana akatangulia kushuka na mtoto wetu Gift, mimi nikabaki kuomba ruhusa. Asubuhi ya safari nilimwendea Bertila, nikanywa, nikasema jina, halafu nikasema na shida yangu.

"Dada Bertila, nina msiba bondeni. Nipe ya kesho niondoke nayo."

"Naweza kukupa ya siku mbili. Lete ndugu mmoja hapa dirishani, nimkabidhi yeye, akuangalie ukinywa."

"Sina ndugu."

"Msiba wa nani?"

"Wa baba mkwe mdogo."

"Basi una mke. Mlete."

"Hajui."

Bertila aliniangalia. "Baba, unakuja hapa muda wote huu na mkeo hajui? Anadhani unakwenda wapi?"

"Mazoezi," nilisema.

Aliliangalia tumbo langu, akafunga dirisha taratibu. Nilijipa moyo kwamba nitazika mchana na kupanda fuso la alfajiri, hakuna dawa nitakayokosa. Mtu wa mipango anapanga hivyo.

Tulizika salama. Kesho yake alfajiri nikachukua begi langu, nikamkuta Shangazi Agnesi, dada yake marehemu, ameketi mlangoni kama kizuizi cha maliasili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mkwe. Begi la nini?"

"Narudi kazini, shangazi. Kuna dharura."

"Kwani hujaambiwa? Katika ukoo huu mkwe ndiye mwenye moto wa matanga. Anauwasha, anaulisha kuni, na majivu yake anayazoa yeye. Moto haujazimwa, mkwe haondoki. Mkwe akiuacha moto unawaka, anayefuata kufa ni mke wake."

"Shangazi, mimi ni mtu wa Mbeya."

"Kuni hazijui kwenu," alisema, akanipa shoka.

Hakunibana mimi peke yangu. Kaka yake Marsiana, Adolfu, hakimu wa mahakama ya mwanzo kule mjini, naye alitaka kuondoka asubuhi ile ile. Adolfu hanipendi tangu siku ya mahari. Mjini utamwona ndani ya gari lake, vioo vimepandishwa, lakini njia ya Milepa ilikuwa imeharibika na alishuka kabla yangu, sikujua kwa usafiri gani. Nilimsikia akimwambia shangazi ana kesi za kusikiliza.

"Kesi zitakusubiri. Wewe ndiye mtoto mkubwa wa kiume. Kaa."

Akakaa. Hakimu anayefunga watu alikaa kwenye mkeka kama mtuhumiwa, na mimi nikafurahi kimoyomoyo. Ilikuwa furaha yangu ya mwisho siku hiyo.

Mchana, bondeni kule kuna joto la kuivisha mayai, mimi nikaanza kuhisi baridi. Kufikia jioni pua inatiririka, macho yanatoka machozi, malaika wamenisimama mikononi na kila mfupa unauma peke yake. Kwa lugha ya kule nilikotoka, arosto ilikuwa imenikuta. Halafu ni miayo. Napiga mwayo mpaka taya linalia. Tumbo nisiliseme, gazeti hili linasomwa mezani. Niwaambie tu kwamba choo cha msibani kilikuwa kimoja na foleni ilijifunza kunipisha.

Waombolezaji mwanzoni walisifu. "Mkwe analia kwa uchungu," walisema. Adolfu naye alikuwa analia, wakasema damu nzito. Lakini asubuhi ya pili marehemu akiwa ameshazoeleka na mimi bado machozi yanatoka huku nimekaa kimya bila sauti, sifa zikakoma.

Fuso la kupanda mjini lilikuwa linapakia mizigo barabarani. Nikilipanda hilo, nawahi dirisha kabla halijafungwa. Nisipolipanda, najijua. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka ziwani pale sokoni ambaye jicho lake nililitambua mara moja, na yeye alilitambua langu. Mkononi mwake kulikuwa na kila kitu nilichokikimbia. Nilikuwa nimebakiza nusu siku ya ushujaa, si zaidi.

Nikazoa majivu yale yakiwa bado na moto ndani, nikaungua kidole, nikayamwaga. Nikamfuata shangazi.

"Nimemaliza, shangazi. Naomba ruhusa."

"Kaa kwanza, mkwe. Kuna kikao."

Kikao kilikuwa uani. Ukoo mzima umekaa, na katikati yuko mzee mmoja mwembamba mwenye shanga na miwani ya jua. Alikuwa mmoja wa wale wanaoitwa lambalamba, wanaozunguka vijijini wakijinadi kuwatoa watu uchawi. Anakunyoa nywele zote, anakuchanja, anakunywesha dawa yake, na unakaa chini yake siku kadhaa mpaka aseme umetoka. Pale wote walimwita Mtaalamu.

Adolfu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kitambaa puani.

"Shemeji," nilimwambia, "wewe ni hakimu. Unajua haya yamekatazwa."

"Hapa mimi ni kaka wa watu, si hakimu," alijibu bila kuniangalia, akapiga mwayo.

Shangazi Agnesi akaanza. Marehemu hakuwa anaumwa, alisema. Alikula ugali wa ulezi jioni, asubuhi hakuamka. Nilitaka kusema kwamba marehemu alikuwa na miaka inayokaribia tisini na alikuwa anaongeza chumvi mpaka kwenye uji, nikaona haitanisaidia.

"Huyu mkwe wetu," aliendelea, "tumesikia kutoka mjini. Anatoka jasho wakati wa baridi. Hapa kwenye joto anatetemeka. Kwa nini mwili wake uko kinyume na wa watu?"

"Ni kwa sababu tumbo lake limejaa," alisema Mtaalamu, "na aliowabeba wanataka kutoka."

Kuhusu tumbo hakuwa mbali na ukweli.

"Nani anamjua ndani?" aliuliza Mtaalamu.

Marsiana alisimama. Nilidhani anasimama kunitetea, nikamtabasamia. Pua ikanidondoka.

"Baba Gift, nisamehe," alisema. "Anaondoka kila alfajiri. Ananiambia mazoezi. Siku moja nilimfuata kwa bodaboda. Nikamwona kwa mbali amejipanga na watu kwenye dirisha fulani. Anakunywa kitu kwenye kikombe kidogo, halafu analitaja jina lake mwenyewe kwa sauti. Wote wanafanya hivyo. Wanakunywa, wanajitaja."

Ukoo ukasogeza mikeka nyuma. Hata mimi, nilipousikia ushahidi ule ulivyosemwa, niliuogopa.

"Halafu akaja mmoja amefunika uso kwa helmeti yenye utepe mwekundu. Akampa mume wangu mkono, akamnong'oneza. Mume wangu akamwinamia. Nikajua huyo ndiye mkubwa wao. Sikuwahi kumwambia mtu. Nimelala naye kitanda kimoja tangu siku hiyo, namuombea rozari akisinzia."

Akajifuta macho kwa kanga. Na mimi moyo uliniuma kuliko mifupa. Kumbe wakati natembea mjini na koti jeusi nasalimiwa, mke wangu alikuwa anaogopa kulala. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata siku nilipouza saa ya harusi.

Nikasimama.

"Mama Gift, mimi si mchawi," nilisema. "Mimi ni teja."

Nikamgeukia yeye peke yake.

"Nilikuwa navuta unga. Ule mguu, vile vidonge, ndiko nilikoanzia. Dirisha uliloliona ni kliniki. Kikombe ni methadoni, ni dawa, inanizuia nisirudi. Jina tunalitaja ili muuguzi aone tumemeza. Hapa nilipo nimeikosa, ndiyo maana natetemeka. Niacheni nipande lile fuso, nitarudi mninyoe mpaka kope."

Kwanza akacheka mtu mmoja nyuma. Halafu ukoo wote.

"Teja ana shahada?" alisema Shangazi Agnesi, anajifuta machozi. "Mateja tunawaona kwenye televisheni, mwanangu, wameinama barabarani kama wanatafuta sindano iliyodondoka. Wewe umenenepa. Unapima viwanja. Unalipa karo. Usitudharau kwa sababu tunaishi bondeni."

"Shangazi, naapa."

"Mchawi haoni shida kuapa," alisema Mtaalamu.

Nimepoteza sehemu kubwa ya maisha yangu nikificha kwamba mimi ni teja. Siku niliyotangaza mwenyewe mbele ya wakwe, nilinyimwa.

Marsiana peke yake hakucheka. Alinisogelea, akaniangalia macho kama anayatafuta ya zamani.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa hiyo saa ya harusi haikuibwa."

"Haikuibwa."

Akarudi hatua moja nyuma. "Mchawi nilishajifunza kuishi naye, Baba Gift. Teja simjui."

Nilitamani anipige kofi, lingeniuma kidogo kuliko maneno yale na lingeisha.

"Mpigie muuguzi," nilimwambia. "Anaitwa Bertila. Namba iko kwenye simu yangu, nimeiandika Fundi Bomba."

"Hayo mambo ya kliniki yana haja gani?" Adolfu aliruka kutoka kwenye kiti. "Endeleeni na utaratibu wenu, tumalize watu waondoke."

Ilinishangaza. Hakimu anayekataa shahidi. Lakini Marsiana alikuwa ameshapiga, akaweka sauti ya juu ili ukoo wote usikie.

"Haloo, Bertila hapa."

"Dada, mimi ni mke wa Elia Mbonile. Nataka kujua kama ni mgonjwa wenu."

"Nani?"

"Elia Mbonile. Mpima ardhi."

"Simfahamu mtu huyo, mama."

Nikainyakua simu. "Dada Bertila, ni mimi! Ni mimi mwenyewe, Elia, waambie!"

"Wewe kaka, mimi sikufahamu," alisema Bertila kwa upole wa kutisha. "Hapa hakuna mtu wa jina hilo na hajawahi kuwepo. Ila kama kuna mgonjwa yeyote mahali popote, mwambieni aje mwenyewe kabla sijafunga dirisha. Siku njema."

Akakata. Alinikana mpaka nikashangaa, kama alivyoahidi.

Mtaalamu hakuhitaji zaidi. Wajomba wakanishika mabega, wakanipeleka nyuma ya jiko ambako kulikuwa na benchi la kunyolea. Marsiana akaambiwa alete maji ya kulowesha nywele, kwa kuwa mke ndiye anayelowesha. Wembe ukafunguliwa. Kule barabarani fuso likapiga honi ya kwanza.

Adolfu alikuja akasimama nyuma yangu kama anayesimamia. Akainama. Nikasikia pumzi yake sikioni, na mnong'ono ambao ningeutambua popote.

"Wewe hukuniona, mimi sikukuona."

Nikageuza shingo, wembe ukanikwaruza. Macho yake yalikuwa mekundu, machozi yanashuka, malaika wamemsimama shingoni kwenye joto lile. Akapiga mwayo mrefu kwa uchungu, na mimi nikampokea, tukapiga pamoja kama fisi wawili. Nikatazama pembeni. Pikipiki ambayo sikuiona tangu nifike, sasa imetolewa tayari kwa safari, imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Juu ya tangi, koti la mvua. Juu ya koti, helmeti nyeusi yenye utepe mwekundu kidevuni.

Bwana Helmeti. Shemeji yangu. Mtu aliyenikalisha kwenye kiti cha mahari nusu siku akiniuliza kama nina tabia njema.

Mtanielewa, nilicheka. Wajomba wakasema pepo limeanza kutoka.

Sentensi moja tu ingenitoa pale. Ningesema mwulizeni huyu, na hakimu hawezi kuitwa muongo mbele ya ukoo wake. Fuso ningelipata. Marsiana angeniamini. Na yeye angepoteza kiti chake kabla ya jua kuzama, maana mwanamume yule hakuwa na uchawi wa kumkinga kama mimi, alikuwa na helmeti tu.

Marsiana akaja na beseni la maji. Aliniinamia.

"Niambie kitu kimoja," alisema kwa sauti ya chini. "Kuna mtu yeyote hapa duniani anayeweza kusema amekuona kwenye dirisha hilo kwa ajili ya dawa? Mmoja tu. Nitamwamini, nikuchukue tuondoke."

Adolfu aliacha kupumua nyuma yangu.

Pale dirishani hatuna kanuni nyingi. Hatukopeshani, hatuulizani kazi, na hatutajani. Nilikuwa nimevunja ahadi zote nilizowahi kutoa: ya kazi, ya ndoa, ya saa. Hiyo moja ndiyo pekee iliyokuwa bado nzima, na nilijua nikiivunja nitakuwa teja kabisa, methadoni au bila methadoni.

"Hakuna," nilisema. "Hakuna aliyeniona."

Honi ya pili ikalia. Nywele zangu za kwanza zikadondoka kwenye goti.

Marsiana alibaki amesimama. Nilidhani analia, nikainua macho. Hakuwa ananiangalia mimi. Labda macho yangu yalikuwa yamepita upande ule, labda ni mwanga wa jua kwenye ule utepe. Aliliweka beseni chini bila kumwaga tone.

Akaenda mpaka ukutani, akaichukua ile helmeti. Akaigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye utepe mwekundu, akarudi nayo hadi mbele ya kaka yake, wajomba wakitazama, Mtaalamu akiwa na wembe hewani.

"Kaka," alisema, "hebu ivae."